Siku ya mwalimu mgeni nchini China ikoje? Naomba ufafanuzi kabla sijasaini mkataba

Mwalimu wa Tanga aliuliza:

Assalaam alaykum, na habari za leo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Tanga, nina shahada ya ualimu, na nimekuwa kazini kwa zaidi ya miaka mitano. Nimepata nafasi mbili za kazi nchini China na ninatakiwa kuchagua moja. Ya kwanza ni ya kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Beijing, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Ya pili ni ya kufundisha Kiingereza katika shule ya chekechea kwenye mji wa kusini. Hii imeletwa na wakala anayeniahidi mshahara unaokaribia mara mbili ya ule wa chuo, lakini anataka nitangulie kwa viza ya matembezi, eti kibali cha kazi kitafuata nikishafika.

Kabla ya kuamua ningependa kujua siku ya mwalimu mgeni inakwendaje hasa: saa za kazi, hali ya wanafunzi darasani, makazi, chakula kwa mtu asiyekula nguruwe, sala, baridi, na namna ya kuwasiliana na nyumbani, kwa kuwa nitamwacha mwanangu wa darasa la tatu kwa mama yangu. Maelezo ya mawakala nimeyasoma na yote yanapendeza kupita kiasi, ndiyo maana nawaomba ninyi mliokwisha kuishi huko mnieleze. Natanguliza shukrani.

Mswahili wa Beijing alijibu:

Wa alaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Nianze na huyo wakala, kwa sababu mengine yote yanategemea hapo. Usiingie China kwa viza ya matembezi ukitarajia kufanya kazi. Mwalimu huingia kwa viza ya Z, yaani viza ya kazi, nayo hutolewa ubalozini baada ya mwajiri kukuombea idhini ya kazi wewe ukiwa bado nyumbani. Ukishawasili, unaandikishwa polisi ndani ya saa 24 ikiwa hukufikia hotelini, na maombi ya kibali cha ukaazi yanapelekwa ndani ya siku 30. Sheria ya kuingia na kutoka nchini humo, iliyoanza kutumika Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15 pamoja na kulipa faini hiyo. Mwajiri na wakala nao wana adhabu zao katika sheria hiyo hiyo, lakini anayelala kizuizini ugenini ni mwalimu.

Lipo na jambo la pili ambalo wakala wako hakukwambia. Utaratibu wa vibali unamtaka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada, na kwa kawaida awe na uzoefu wa miaka miwili. Kwa Kiingereza, mamlaka huwatazama raia wa nchi kama Uingereza, Marekani, Kanada na Australia. Kwa Kiswahili, mwenye lugha ni wewe, mtu wa Tanga. Kwa hiyo nafasi ya chuo ndiyo unayoweza kuishika kihalali na ukalala usingizi.

Sasa kuhusu siku yenyewe. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwanza katika taasisi ambazo leo ni Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, kwa hiyo katika vyuo vya jiji hili kumpokea mwalimu kutoka Afrika Mashariki si jambo geni. Vipindi huanza saa mbili asubuhi. Mimi hupangiwa vipindi 12 hadi 14 kwa wiki, vingi vikiwa vya mazungumzo, matamshi, insha na utamaduni, maana sarufi ya mwaka wa kwanza hushikwa na walimu wenyeji wanaoweza kuieleza kwa Kichina. Idadi hiyo inaonekana ndogo, lakini kuandaa kipindi cha mazungumzo kwa mtu aliyejifunza lugha wiki sita tu kunachukua muda mrefu kuliko kukifundisha, na usahihishaji wa insha hauna mwisho.

Kazi utakayoipenda, na itakayokuchosha, ni matamshi. Kichina sanifu hakitenganishi b na p kwa mghuno, yaani mtetemo wa koo, kama tufanyavyo sisi. Kinazitenganisha kwa pumzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisoma "baba", sikio lako litasikia "papa", na "dada" itakuwa "tata", naye atakuapia kuwa ametamka sawasawa, kwa kuwa kwa sikio lake ametamka sawasawa. Mimi huwaagiza waweke vidole viwili kooni na kutamka taratibu mpaka wausikie mtetemo kabla midomo haijafunguka. Kisha tunashika kipande cha karatasi mbele ya kinywa na kutamka "papa" bila karatasi kutikisika. Zoezi hili hulirudia mwanzoni mwa kila kipindi kwa muhula mzima wa kwanza, na wanafunzi hawalalamiki hata kidogo. Ngeli, ambazo sisi tunadhani ndizo zitakazowashinda, huzimudu mapema kuliko mghuno, kwa sababu wamezoea kukariri tangu utotoni. Asubuhi utawakuta bustanini, kila mmoja na kitabu chake, wakisoma kwa sauti kubwa bila kumwonea mtu haya.

Darasani ni watulivu mno. Ukiuliza kama wameelewa, wote wataitikia kuwa wameelewa, wakiwemo wale ambao hawakuelewa, kwa kuwa kumkatiza mwalimu hakuonekani kuwa adabu. Usiulize swali hilo. Mpe kila mmoja atunge sentensi, ndipo utajua umefika wapi. Wengi watakuwa na majina ya Kiswahili waliyochagua au waliyopewa na walimu waliokutangulia, kama Neema, Tumaini na Zawadi, na hayo ndiyo utakayowaita kwa muda wote wa masomo.

Makazi mara nyingi ni chumba au nyumba ndogo ndani ya eneo la chuo. Hakikisha mkataba unataja nani analipa umeme, maji na tiketi ya ndege ya kurudi.

Mwalimu wa Fizikia, Hangzhou, alijibu:

Namuunga mkono aliyetangulia. Mimi ni Mkenya na ninafundisha fizikia kwa Kiingereza katika kitengo cha kimataifa cha shule ya sekondari, kwa hiyo sharti la lugha ya kwanza halikunigusa. Nakuandikia ili ujue tofauti ya chuo na shule, usije ukadhani mazingira ni yale yale.

Shuleni mwalimu mgeni huwa kazini tangu asubuhi hadi jioni, awe na kipindi au asiwe nacho. Jumatatu inaanza kwa kupandisha bendera. Katikati ya asubuhi kuna mazoezi ya macho: muziki unapigwa kwenye vipaza sauti, watoto wanafumba macho na kujikanda kuzunguka nyusi na mashavu, na darasa zima linanyamaza. Baada ya chakula cha mchana watu hulala. Usipange kikao saa saba mchana, wala usimpigie mwenzako simu wakati huo. Wanafunzi wa bweni hurudi madarasani usiku kujisomea, na wale wa mwaka wa mwisho wanaoelekea mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, unaoanza Juni 7 kila mwaka, hukaa vitabuni kwa muda ambao, nikiwa mzazi, unanitia huruma.

Jambo jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi ni sikukuu za kufidiwa. Serikali ikitangaza mapumziko marefu, kama yale ya mwanzo wa Oktoba, baadhi ya siku hizo hulipwa kwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili ya jirani. Kalenda ya taifa hutangazwa mapema, lakini shule yako inaweza kukupa ratiba ya fidia siku chache tu kabla. Usikate tiketi ya safari mpaka uwe umeiona kwa maandishi.

Na kuhusu hiyo chekechea, tangu Julai 2021 serikali ilipobana vikali masomo ya ziada, vituo vingi vya binafsi vilifungwa na walimu wageni wengi wakabaki bila kazi. Mshahara mkubwa unaoahidiwa na mtu asiyetaka kukuombea kibali si wa kuutegemea.

Bi Mkubwa wa Unguja alijibu:

Mwanangu, kuhusu chakula na ibada usiwe na wasiwasi mkubwa. Nilikaa Beijing na mume wangu alipokuwa masomoni. Vyuo vingi vikubwa vina bwalo la chakula cha halali, na mitaani utakuta mikahawa midogo ya Waislamu wa Kihui yenye alama za Kiarabu mlangoni, wanaouza tambi za mchuzi wa nyama ya ng'ombe zinazovutwa kwa mkono hapo hapo ukitazama. Bwaloni usichelewe: saa sita kasorobo foleni imeshajaa, na saa saba masufuria yanaoshwa. Msikiti wa Niujie, ambao asili yake inarudi mwaka 996, una sehemu ya wanawake, na siku ya Idi utakutana na watu wa kila taifa pale.

Baridi ndiyo ya kujiandaa nayo. Joto la majumbani huwashwa na jiji kuanzia Novemba 15 hadi Machi 15, kwa hiyo ndani kuna joto zuri lakini hewa ni kavu mno. Nunua mafuta ya kujipaka ya kutosha. Wiki mbili tatu kabla ya Novemba 15 ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa nje kumeshapoa na mabomba bado ni baridi. Koti zito linunue huko huko, usilitafute Tanga.

Mwalimu wa Tanga aliandika tena:

Shikamoo Bi Mkubwa, na nawashukuru nyote kwa dhati. Wakala nimeshamjibu kuwa sitaendelea naye. Limebaki la mwanangu na la pesa: nitazungumza naye vipi, na fedha za matumizi nitazitumaje nyumbani?

Mswahili wa Beijing alijibu:

Umeamua vyema. WhatsApp, Google na Facebook hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China, kwa hiyo kabla ya kuondoka weka WeChat, programu ya Kichina ya ujumbe na simu, kwenye simu yako na ya mama yako, na muijaribu kwa kupigiana mkiwa nyumba moja. Kufungua akaunti mpya mara nyingi kunadai mtu mwenye akaunti ya zamani athibitishe kwa simu yake, na ukiwa Tanga ni rahisi kumtafuta kuliko kumwachia mama kazi hiyo. Beijing iko mbele ya Tanzania kwa saa tano. Mtoto akitoka shule saa tisa alasiri, huku ni saa mbili usiku nawe umemaliza kazi; huo ndio wakati wa kuzungumza. Ukingoja mpaka ale chakula cha jioni, utakuwa unapambana na usingizi na una kipindi saa mbili asubuhi.

Kuhusu fedha, ofisi ya walimu wageni itakusindikiza benki kufungua akaunti. Jina lako liandikwe kwa mpangilio ule ule wa pasipoti, majina yote matatu, katika kibali, benki, laini ya simu na programu za malipo, kwa sababu herufi moja ikitofautiana malipo ya simu hayataunganishwa, na huko karibu kila kitu kinalipiwa kwa simu, hata mboga za barabarani. Kubadili yuan za mshahara kuwa dola na kuzituma nje kunahitaji mkataba, kibali na uthibitisho wa kodi iliyolipwa. Iombe ofisi hati ya kodi mapema, kabla hujafikia mwezi unaotakiwa kulipa ada ya mtoto.