Acheni kusema "barafu ndiyo iliyoangusha mnara wa Emley Moor". Mnawasafisha waliokosea

Wakuu, kila ikikaribia Machi 19 inarudi picha ile ile ya bomba kubwa la chuma lililojikunja shambani, na maelezo yale yale: "Mnara wa televisheni wa Emley Moor, Uingereza, ulioangushwa na barafu 1969." Chini yake watu hamsini wanaandika "maumbile hayana mpinzani". Inakera! Hakuna hata mmoja anayeuliza kwa nini barafu ile ile, eneo lile lile la Yorkshire, haikuangusha mnara uliokuwepo pale miaka kumi kabla yake.

Kwanza mnachanganya vitu vitatu. Mwaka 1956 pale kilimani ulijengwa mnara wa vyuma vya kupishana, mita 135, unaosimama kwa miguu yake, kwa ajili ya kurusha ITV, televisheni ya kibiashara ya Uingereza. Mwaka 1966 ukaja mlingoti wa mita 385. Huu ndio ulioanguka. Mnara wa zege mnaouona leo, mita 330, ulianza kurusha matangazo 1971 na haujawahi kuanguka, kwa hiyo mtu anayeweka picha yake na kuandika "uliodondoka 1969" afute. Na mlingoti si mnara. Mnara unajitegemea, mlingoti unashikiliwa na nyaya za chuma kutoka pande zote. Kata au legeza nyaya za upande mmoja, umekwisha.

Kwa nini walikwenda juu vile? UHF, yaani masafa ya juu sana ya televisheni. Masafa yale yanakwenda karibu kwa mstari ulionyooka, kilima kikikaa katikati picha inakufa. Kila mita unayoongeza juu ya antena ni vijiji vingine unavyovipata, na mlingoti wa nyaya unakupa urefu kwa chuma kidogo kuliko mnara. Mpaka hapo hakuna kosa.

Sasa tufike kwenye umbo lenyewe, maana hapo ndipo watu wanaporuka. Sehemu ya chini, kama mita 275, ilikuwa bomba la duara lenye kipenyo cha mita 2.75, limeunganishwa kwa mabamba ya chuma yaliyokunjwa. Juu yake ndipo vikaja vyuma vya kupishana vya kubebea antena, zaidi ya mita 100. Bomba linapendeza, na fundi anapanda kwa ndani hanyeshewi. Lakini upepo ukipita kwenye kitu cha duara na laini, nyuma yake unaachia visulisuli, kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu. Kila kisulisuli kikichomoka kinalivuta bomba kidogo upande wake. Waya wa umeme unaoimba barabarani ni jambo hilo hilo kwa udogo.

Hesabu yake iko wazi: zidisha kasi ya upepo kwa 0.2, gawanya kwa kipenyo. Upepo wa mita 7 kwa sekunde kwenye bomba la mita 2.75 unakupa msukumo mmoja takriban kila sekunde mbili. Huo ni upepo wa kawaida kabisa, wa kuanikia nguo. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu dhoruba inabadilika badilika na kuvuruga mdundo, ila upepo mdogo usiobadilika unasukuma kwa mpangilio mpaka mdundo wake ukutane na mdundo wa mlingoti wenyewe, na mtikisiko unazidi kukua. Mnara wa 1956 haukuwa na shida hiyo kwa kiwango kile, vyuma vyake vyembamba vinaukatakata upepo.

Barafu inaingia wapi? Kwenye nyaya, na kwa kutolingana. Barafu ikijaa kwenye nyaya za upande mmoja zaidi ya mwingine, mvutano haulingani tena, mlingoti unakuwa umeshapindishwa kabla upepo haujaanza kazi. Chuma kinabeba mzigo wa kupinda, halafu juu yake mzigo wa mtetemo. Viwili hivyo kwa pamoja ndivyo vilivyouangusha saa 11:01 jioni ya Machi 19, 1969. Waya mmoja ulipasua kanisa dogo la Kimethodisti lililokuwa karibu. Hakuna aliyejeruhiwa, na hiyo peke yake ndiyo bahati katika habari nzima.

Na msiniambie barafu iliwashtukiza. Vipande vilikuwa vinadondoka kutoka juu kila baridi ikizidi, mpaka zikawekwa taa na mabango ya kuonya watu wanaopita chini!

Kesi ya wenye mlingoti dhidi ya waliowajengea ilikwenda mpaka House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, hukumu ikatoka 1980. Kampuni ya BICC, waliosanifu na kujenga mlingoti kama wakandarasi wadogo chini ya kampuni ya EMI, walionekana wazembe katika usanifu: hawakuzingatia barafu isiyolingana kwenye nyaya ikikutana na mtetemo wa visulisuli. EMI nao wakabebeshwa dhima ya mkataba. Kuna barua ya Novemba 1964, mteja alishaonyesha wasiwasi kuhusu kutikisika, akajibiwa kwamba wameridhika kabisa milingoti haitatikisika kwa kiwango cha hatari. Miaka minne na miezi kadhaa baadaye bomba liko chini. Utetezi kwamba hii ilikuwa teknolojia mpya haukuwaokoa. Anayekwenda mbele ya ujuzi uliopo ndiye anayetakiwa kuwa mwangalifu zaidi.

Waliofanya kazi nzuri hamuwataji. Ndani ya siku chache kulikuwa na mlingoti wa dharura, kisha ukaletwa mwingine wa mita 204 kutoka Sweden, huku zege ikianza kumwagwa. Mnara mpya una uzito wa tani zaidi ya 11,000 pamoja na msingi, lifti inachukua kama dakika 7 kufika juu. Tangu 2002 unalindwa kisheria kama jengo la kihistoria.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini anauliza, kama bomba lilikuwa baya, mbona milingoti ya Winter Hill na Belmont, nayo ya Uingereza, ndugu zake wa umbo lile lile, bado imesimama? Swali zuri, na jibu linaniongezea hasira. Baada ya ajali waliingia ndani ya milingoti ile miwili wakaning'iniza minyororo ya chuma, kama tani 150 kila mmoja. Mlingoti ukitaka kucheza, minyororo inagongana na kusuguana, nguvu ya mtetemo inaishia humo. Kwa hiyo dawa ilikuwepo, ni mnyororo tu, na ingeweza kutiwa tangu 1966.