Wiki ya Desemba Malindi kwa pointi za klabu: orodha ya kungoja, kuvizia mwenyewe, au kubadilishana?

Kaskazi_Mld
Hamjambo nyote. Kuna pointi 160 za taimushea (malazi ya likizo yanayomilikiwa na wengi, kila mmoja akibukisha vyumba kwa pointi zake), mwaka wake wa matumizi ulianza Aprili 1 na unakwisha Machi 31. Kinachotafutwa ni chumba kimoja cha kulala hapa Malindi, kuingia Desemba 20 na kutoka 27, watu wanne. Kwenye tovuti ya klabu siku zote zimejaa. Njia zilizo mezani ni kuingia orodha ya kungoja, kuvizia nafasi zinazofutwa, au kukabidhi wiki kwa kampuni ya kubadilishana. Ipi ina matumaini zaidi?

MtuWaShela
Orodha kwanza, lakini usiiingie kichwakichwa. Klabu nyingi hukupa chumba pale tu siku zote ulizoomba zinapokuwa wazi kwa pamoja. Ukiomba siku saba zikafunguka sita, huambulii hata moja. Kwa hiyo omba zile ngumu peke yake, kuingia 22 na kutoka 26, za pembeni uzijaze baadaye. Na uangalie kikomo cha maombi: Disney Vacation Club, kwa mfano, huruhusu mawili tu kwa wakati mmoja kwa kila uanachama. Ombi moja likibebwa na tarehe zisizowezekana, umejifunga mkono mmoja.

La pili ni nafasi ya akiba. Bukisha chochote kilichopo leo, hata studio, hata Januari 3 hadi 10. Halafu fungua ombi na ulifunge kwenye nafasi hiyo, ili ombi likijibiwa ile ya zamani ifutwe na pointi zake zihamie huku. Watu wengi husahau kufunga. Matokeo yake mfumo hutafuta pointi nyingine 160 zilizo huru, hauzioni, na chumba kinakwenda kwa anayefuata bila wewe kupigiwa hata simu.

Jahazi_Mkia
Mzee wa Shela kasema kweli, ila mimi nitatetea kuvizia, kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja. Orodha hudai siku zikamilike. Watu hawafuti hivyo: huyu anapunguza siku mbili, yule anaahirisha kufika kwa siku moja. Vipande hivyo havimtoshi mtu yeyote kwenye orodha, basi vinamwagika kwenye skrini, na anayekagua anaviokota kimoja kimoja. Ukishapata vitatu vinavyofuatana, piga simu klabu waviunganishe viwe nafasi moja. Usipofanya hivyo, mapokezi wanaweza kukutaka utoke asubuhi na uingie tena alasiri, pengine chumba kingine kabisa.

Wakati wa kukagua si kila saa, utajichosha bure. Fuata tarehe ya adhabu. Kwa Disney, anayefuta siku 31 au zaidi kabla ya kuingia anarudishiwa pointi zake kamili. Zikibaki 30 au chini, pointi huwekwa kwenye akaunti ya kushikilia na zinafaa tu kubukishia malazi yaliyo ndani ya siku 60. Kwa kuingia Desemba 20, siku ya mwisho ya kufuta bila maumivu ni Novemba 19. Wenye nafasi mbilimbili huziachia siku chache kabla ya hapo. Soma kanuni ya klabu yako, hesabu siku zako, kisha kagua asubuhi na jioni kwa wiki hiyo moja. Chumba kizima kikifunguka, orodha itakitwaa kabla hujakiona. Hapo MtuWaShela ananishinda.

BiKanga
Kubadilishana mmekuacha kando, na ndiko pesa hupotea. Interval International, kampuni ya kubadilishana wiki, ina njia mbili. Ya kwanza, unakabidhi wiki yako kwanza, kisha unatafuta: una miaka miwili kabla ya tarehe ya wiki hiyo na miwili baada yake, ila wiki imeshatoka mkononi. Ya pili, unaomba kwanza huku wiki bado ni yako, lakini lazima usafiri kabla ya wiki yako kuanza, na ombi likijibiwa ndipo wanaichukua. Asiyekuwa na hakika na Malindi asikabidhi kwanza. Hoteli za Pwani yetu zilizomo kwenye mtandao huo ni chache mno ukilinganisha na Florida au Hispania, kwa hiyo utangoja bahari ikauke.

RCI, kampuni nyingine ya kubadilishana, nao wana utafutaji unaoendelea wenyewe bila wewe kukaa kwenye skrini. Ni orodha ya kungoja kwa jina lingine. Uupe upana: tarehe tatu nne za kuingia, Malindi na Watamu na Kilifi pamoja, studio ikubalike. Ukitaja hoteli moja na Jumamosi moja, umeomba muujiza.

Jambo la mgeni pia. Kama wanaolala ni ndugu na mwenye uanachama hayupo, kampuni hizi hudai hati ya mgeni, nayo ina ada. Jina la kwenye hati liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, si lile la nyumbani.

Kaskazi_Mld
Shukrani, Bi. Swali: nikibukisha akiba ya Januari 3, orodha isipojibu, pointi nazivusha mwaka ujao?

MtuWaShela
Hapo ndipo penye mtego. Kwa kanuni ya Disney, kuvusha hufanyika ndani ya miezi minane ya kwanza ya mwaka wa matumizi. Mwaka ulioanza Aprili 1, mlango unafungwa Novemba 30. Ukifuta akiba ya Januari 3 hapo Desemba 3, bado hujapigwa adhabu, pointi zinarudi zote, lakini haziwezi kuvuka tena, zitakufa Machi. Kwa hiyo amua ifikapo Novemba 28. Kama akiba ya Januari hutaitumia, ifute, vusha pointi, na ombi la Desemba liache life. Klabu yako ikiwa na miezi mingine, badilisha tarehe, mpango ni ule ule.

Pia wekea ombi tarehe ya ukomo. Linaweza kujibiwa usiku, siku chache kabla ya safari, pointi zikakatwa zenyewe. Wageni wa Nairobi wasiokuwa na tiketi ya treni ya kwenda Mombasa, na bado kilomita 120 hivi za barabara hadi hapa, watafikaje wiki ya Krismasi?

Jahazi_Mkia
Na ukiwa na uhuru wa tarehe, achana na Desemba. Mto Sabaki ukijaa mvua za vuli, upepo wa kaskazi husukuma tope lake kusini hadi ghuba ya Malindi. Mwenye nia ya kuzamia kwenye hifadhi ya bahari ataona maji ya chai ya maziwa. Februari kaskazi bado ipo, maji yametulia, na vyumba vinapatikana bila orodha yoyote.

MwanaLangoni
Kwa wanaotafuta Lamu: ombi la Maulidi msilinakili kwa tarehe ya mwaka jana. Yanafuata Mfungo Sita (Rabiul-Awwal), na kwa kalenda ya kizungu yanarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Shughuli kubwa za msikiti wa Riyadha huwa wiki ya mwisho ya mwezi huo, si tarehe 12. Anayefungua ombi kwa tarehe 12 hupata chumba upesi kweli, akafika mji umetulia. Ongezeni siku moja kila upande, kwa sababu mwezi huandama kwa kuonekana, na ukishuka ndege Manda bado kuna chombo cha kuvukia hadi Lamu.

BiKanga
Nyongeza ndogo kwa Kaskazi: Interval wana Flexchange, nafasi za kuanzia siku 59 hadi saa 24 kabla ya kuingia. Kwa Desemba 20 inafunguka Oktoba 22. Hapo hata wiki dhaifu ya Mei, ya masika, inaweza kupata chumba cha msimu, kwa kuwa ushindani wa thamani umelegea. Iangalie siku hiyo asubuhi, kisha tena baada ya Novemba 19.