Orofa ya mwisho chini ya mabati, stima inapotea kila mara: ninunue nini?

MgeniWaTanga
Hamjambo wenzangu. Nimehamia Nairobi kikazi, napanga South B orofa ya mwisho, juu ni mabati. Mchana hapakaliki, na stima ikipotea hukaa hata saa sita. Nataka laptop, ruta, feni na taa mbili viendelee kuwaka. Friji ninayo ndogo. Mwenye nyumba hataki sola kwenye paa.

FundiUmoja
Karibu, ndugu. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Feni ya DC ya volti 12 hula wati 20 hivi, ruta 10, taa za LED 10, laptop 50. Jumla 90, kwa saa sita ni 540Wh (wati-saa, yaani wati mara saa), na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), 640 hivi. Betri ya asidi ya volti 12, 100Ah (ampea-saa; zidisha kwa volti upate Wh) hubeba 1,200Wh, lakini ukizoea kuishusha chini ya nusu inakufa mapema, kwa hiyo haikutoshi. Chukua lithiamu (LiFePO4) ya 12.8V 100Ah, asilimia 80 yake ni 1,000Wh na ushee. Ichaji kwa umeme wa ukutani, kwa chaja ya lithiamu, si ile ya betri ya gari. Inveta ya wati 600 yatosha, ila iwe ya wimbi safi (pure sine wave), yaani umeme wake ufanane na wa ukutani.

Wengi huharibu kwenye waya. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50 na zaidi: tumia waya mfupi wa milimita 16 za mraba, na fyuzi ya ampea 80 ikae shubiri moja tu kutoka ncha chanya ya betri. Ukiiweka upande wa inveta, waya ukichubuka katikati hakuna cha kuuzuia kuwaka.

Nyakio_K
Feni inayozungusha hewa iliyopikwa na mabati haina faida. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, usiku hupoa hata Februari. Jua likizama fungua mlango wa grili na dirisha, feni ielekee nje itoe joto. Saa tatu asubuhi funga kila kitu, pazia nene upande wa jua. Shuka mbichi mbele ya feni husaidia huku kwa kuwa hewa ya Januari na Februari ni kavu. Kwenu Tanga ingeongeza unyevu tu. Na mwombe mwenye nyumba apake paa rangi nyeupe, tafadhali, hata kama sola amekataa. Hapo ndipo joto linapoingilia.

FundiUmoja
Friji usiiweke kwenye inveta hiyo: kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa. Usiifungue, itashika ubaridi kama saa nne. Stima ikipotea ichomoe. Ikirudi, ngoja dakika tano; volti huyumba, na kompresa ikianza kabla presha ya gesi haijatulia hukwama na kuungua. Luthuli Avenue wanauza kifaa cha soketi kinachochelewesha umeme wa friji. Chukua kimoja.