Naomba ushauri: nianzishe biashara ya siagi ya karanga nyumbani nikiwa bado nimeajiriwa?

MkaziWaSeeta
Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwajiriwa wa kiwanda kimoja kando ya barabara ya Jinja hapa Uganda, ninaishi Seeta na mke wangu na watoto wawili, na mshahara wangu, ukishakatwa kodi na akiba ya NSSF, haufiki tarehe 20 ya mwezi. Tangu Februari tumekuwa tukikaanga karanga jioni, tukizipeleka kusagwa Kisenyi, Kampala, siku ya Jumamosi, na kuwauzia majirani siagi yake kwa shilingi 12,000 kwa kilo. Gunia la kilo 80 hutupatia chupa 92 za kilo moja, na wateja wanazidi. Sasa ninataka kuifanya biashara kamili bila kuacha kazi. Ninaomba kujua mambo mawili tu: je, nisajili jina la biashara sasa, na kodi itakuwaje? Usiku silali kwa kuwaza jambo hili.

MhasibuMpole
Ndugu, umefanya vyema kuuliza mapema. Jina la biashara husajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali, mambo ya namba ya mlipa kodi yako URA, mamlaka ya mapato (na kwa kuwa umeajiriwa huenda unayo tayari), na leseni ya biashara utaipata kwa manispaa yenu ya Mukono. Mauzo yasiyofika shilingi milioni 10 kwa mwaka hayatozwi ile kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo, lakini ukiuza chupa 15 tu kila wiki utakaribia milioni 9 na laki nne, kwa hiyo nunua daftari leo na uandike kila senti, maana asiye na kumbukumbu hukadiriwa kiasi kinachoweza kuwa kikubwa kuliko haki yake. Chakula cha kufungashwa kinahitaji pia alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango, na hapo ndipo wengi wa wateja wangu hukwama.

AfandeMstaafuBombo
Kijana, mimi nilikuwa bado jeshini nilipoleta vifaranga 200 nyumbani, nikamwachia mdogo wangu jiko la makaa na maagizo marefu kuliko ya kwenda vitani. Usiku wa tatu makaa yalizimika naye amelala. Vifaranga vikishikwa na baridi hupandana kona moja, na asubuhi vile vya chini vilikuwa vimelala bapa kama chapati. Nilihesabu 140. Ninachokuambia ni kwamba biashara ya nyumbani inamtaka mwenyewe awepo, wala haina likizo.

DadaWaMalaba
Kaka, kabla ya leseni ninaomba unijibu maswali mawili. Kiwanda chenu kinatengeneza nini, na karanga unazinunua wapi, kwa bei gani? Mimi huuza nafaka, na kwa chupa ya 12,000, ukitoa usafiri, kukaanga, kusaga na chupa yenyewe, sioni faida ya kumkosesha mtu usingizi.

MkaziWaSeeta
Asanteni. Dada, sioni kama kazi yangu inahusika na swali langu. Karanga ninazipata kwa shilingi 3,200 kwa kilo kutoka kwa mtu ninayemfahamu, na faida ipo.

DadaWaMalaba
Bei hiyo haipo hata Soroti wakati wa mavuno, karanga zikiwa bado zina mchanga. Ama ni za wizi, ama zina kasoro. Tuambie.

MkaziWaSeeta
Si za wizi, na nitaeleza ili nisivunjiwe heshima. Mwajiri wangu hufungasha vyakula, siagi ya karanga ikiwa mojawapo, na mimi ni karani wa ghala. Malori ya Teso na Lango yakifika, ndiye ninayepima mzigo na kupeleka sampuli maabara. Mzigo ukikataliwa, mwenye mali hana nauli ya kuurudisha kwao, basi huniuzia magunia mawili matatu kwa bei ya huruma. Mzigo uliokataliwa si mali ya kampuni, kwa hiyo simwibii mtu. Isitoshe, nimekwisha kukopa SACCO milioni 3, na katika hizo nimempa fundi wa Katwe milioni 1.2 kama malipo ya awali ya mashine ya kusagia. Kurudi nyuma ni hasara.

KaraniWaMahakama
Kumbe swali lako la kodi lilikuwa pazia. Soma mkataba wako wa ajira: mingi humkataza mfanyakazi kufanya biashara inayogongana na ya mwajiri, na wewe unasimama kwenye mzani wa kiwanda huku ukinunua kwa msafirishaji yule yule. Siku mtu akidai kwamba unafanya mzigo ukataliwe makusudi ili uupate kwa bei rahisi, utajitetea kwa nini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa aliyetumikia mwaka mmoja hadi mitano notisi ya mwezi mmoja, lakini mwajiri anaweza kukufukuza bila notisi ukipatikana umevunja wajibu wako wa msingi. Mkopo wa SACCO utalipwa na nani hapo?

DadaWaMalaba
Ya mkataba tuyaweke kando kidogo. Maabara ilizikataa kwa sababu gani?

MkaziWaSeeta
Mara nyingi ni sumukuvu. Lakini mke wangu huketi na ungo kuanzia saa mbili usiku, akichagua punje moja moja, anatoa zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye ukungu wa kijani, hata katika kilo 80 hutupa karibu 8. Kisha tunazikaanga mpaka maganda yanapukutika yenyewe. Moto ule hauachi kitu.

DadaWaMalaba
Moto unaua kuvu, hauondoi sumu ambayo kuvu wamekwisha kuiacha ndani ya punje, na punje yenye sumu inaweza kuonekana safi kabisa machoni. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho hakuna ungo wa kukiona, na ukisaga, punje chache mbaya zinaenea katika chupa zote. Sisi wa mpakani hatusahau mwaka 2004, upande wa Kenya, Makueni na Kitui: mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Na wanaokula kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibika ini.

MtazamajiTu
Wandugu, mnapoteza usiku wenu, kwani kisa hiki kimetungwa. Someni tena alivyoanza: gunia la kilo 80, chupa 92 za kilo moja. Sasa anasema hutupa kilo 8, na karanga zikikaangwa hupoteza maji na maganda. Kilo 80 zinazaaje 92? Huyu anapima ni nani atamkemea na nani atamhurumia.

AfandeMstaafuBombo
Hesabu hiyo imenipita, nami niliwahi kuwa bwana stoo! Karani wa ghala asiyejua kupima, au mwongo. Ajibu.

MkaziWaSeeta
Sikutaja ufuta. Sisi ni watu wa Lira, na odii, yaani siagi yetu ya karanga na ufuta, bila ufuta kwetu si odii. Karanga hubaki kilo 65 hivi, nasi tunaongeza ufuta kilo 27. Niliita siagi ya karanga kwa sababu watu wa Seeta wanaijua kwa jina hilo. Natamani kingekuwa kisa cha kutungwa.

MtazamajiTu
Basi 65 na 27 ni 92. Ninaomba radhi.

MhasibuMpole
Na lebo iandike ufuta, ndugu, maana wapo wanaodhurika nao. Ila kwa sasa nisingechapisha lebo yoyote.

DadaWaMalaba
Lebo baadaye. Chupa 92 za gunia la mwisho ziko wapi?

MkaziWaSeeta
30 walichukua majirani na nimekwisha kuanza kuzunguka mlango kwa mlango, nikisema vifuniko vina hitilafu. 62 zilikwenda juzi katika shule ya bweni ya watoto wadogo, wao hupaka mkate wa asubuhi. Nimempigia mpishi mara tatu, simu yake imezimwa. Fundi wa Katwe naye amenitumia picha ya mashine ikiwa imepakwa rangi ya bluu, anataka salio Ijumaa. Kesho nitaomba ruhusa ya nusu siku kazini niende shuleni, ingawa sijui nimpe msimamizi sababu gani.

DadaWaMalaba
Watoto wa bweni hula saa moja asubuhi, kabla ghala lenu halijafunguliwa. Ruhusa ya nini? Chukua boda boda sasa hivi, umwamshe mlinzi wa lango.