Trafiki abaki kwenye makutano yenye taa, au aondoke?

Uhuru Highway, Nairobi, kuna taa na kuna trafiki. Taa ikisema simama, afande anasema pita. Je, mtu anayesimamia mashine anatabirika, au ni bahati nasibu?

Fundi wa Taa: Anatabirika sana. Afande huona foleni moja, ile inayompigia honi, na ataiachilia mpaka aone mkia wake. Saa kumi na moja jioni mkia hauonekani. Sasa piga hesabu: kwenye kijani, laini moja hutoa gari moja kila sekunde 2, yaani 30 kwa dakika. Gari na nafasi yake huchukua mita 7 hivi. Akiachilia dakika 4 pale makutano ya Haile Selassie Avenue na mbele kumefunga, ametuma magari 120 kwa kila laini: mita 840. Foleni inarudi hadi ndani ya makutano, na hapo hata upande wa pili upewe kijani, hakuna linalosogea.

Trafiki Mstaafu: Hesabu safi, ndugu yangu. Na taa yenyewe inaona nini? Wachimba mitaro ya intaneti wakikata waya wa sensa inayohisi magari chini ya lami, kontrola, yaani kompyuta ya taa, hudhani kuna magari daima na kuupa upande ule kijani kila mzunguko, hata barabara ikiwa tupu. Ambulensi ikikwama, taa haiitwi kujieleza. Anaitwa mwenye sare.

Fundi wa Taa: Ndiyo hiyo! Ukitaka kujua ataingilia lini, angalia lawama inaangukia nani. Mafunzo hayabadilishi hilo.

Msomaji wa Ripoti za Ajali: Nyote mnaongelea anayeingilia kupita kiasi. Asiyeingilia je? Ndege ya Kenya Airways, KQ 507, ikitoka Douala kuja Nairobi, Mei 2007: rubani aliamini otopailoti, mtambo wa kuiendesha ndege wenyewe, imeshika, kumbe haikushika. Ndege ikalala kulia polepole, karibu dakika nzima bila mtu kuiongoza. Walikufa 114. Na tangu 1948, mwanasaikolojia Mackworth alipowakalisha watu saa mbili wakitazama mshale ambao mara chache huruka hatua mbili badala ya moja, tunajua umakini hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Mkimtoa afande barabarani mkamweka mbele ya skrini za kamera, ni mtu yuleyule lakini kosa litageuka: atachelewa kushtuka. Zamu ya skrini isizidi dakika 30.

Fundi wa Taa: Basi abaki, ila asitumie mikono. Kwenye kisanduku cha taa awekewe kitufe: akibonyeza, kijani kinashikiliwa sekunde 90 tu, kisha mashine inarudi kazini. Na aonyeshwe foleni ya makutano yanayofuata, maana bila hiyo atarudi katikati ya barabara na filimbi yake.

Trafiki Mstaafu: Kitufe nakikubali. Sekunde 90 zikiisha na ambulensi ingali nyuma ya lori?