X-Men: The Last Stand iliwaua mashujaa wetu bila hata kuwalilia

Wakuu, nimemaliza kuzitazama upya filamu tatu za mwanzo za X-Men, kikosi cha mutanti (watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida), yaani ile ya 2000, X2 ya 2003 na hii ya kufungia ya 2006, zote ndani ya siku mbili, na nimeinuka kitini nikiwa na hasira ileile ya mara ya kwanza. Nilidhani miaka ingeipooza. Badala yake nimeona kwa uwazi zaidi kilichotendeka: watu tuliowapenda kwa filamu mbili nzima wanaondolewa haraka haraka, kama mizigo inayoshushwa njiani ili gari liwahi kufika, na filamu yenyewe haisimami hata kidogo kuwaomboleza.

Nianze na Scott Summers, Cyclops, maana hapo ndipo panaponiuma zaidi. Huyu ndiye kiongozi wa kikosi, na ndiye tuliyemwacha mwishoni mwa X2 akimlilia Jean Grey aliyezama Alkali Lake akiwaokoa wenzake. Filamu ya tatu inaanza naye akiwa hajanyoa, hasemi na watu, anasikia sauti ya Jean kichwani. Huo ni mwanzo mzuri sana wa hadithi ya mfiwa. Anarudi ziwani, anamkuta Jean yu hai, na Jean anamvua miwani huku akiizuia miale haribifu ya macho yake kwa nguvu za akili, hata Scott anaweza kumtazama mpenzi wake bila kioo chekundu kati yao. Wanabusiana, kisha picha inakatwa. Tunapomtafuta tena, tunakuta miwani tu ikielea hewani ndani ya ukungu, mbele ya Logan (Wolverine) na Storm, wenzake kikosini. Basi! Hatukuona akifa, na filamu ilikuwa bado mbichi kabisa. Logan anamuuliza Jean alipo Scott, anapata jibu usoni mwake, na baada ya hapo shughuli zinaendelea kana kwamba aliyepotea alikuwa mpita njia.

Najua kwamba James Marsden, aliyemwigiza, alionekana pia mwaka huohuo katika Superman Returns. Kama muda wake ulikuwa mfupi, hiyo ilikuwa sababu ya kuziandika dakika zake chache kwa uangalifu mkubwa zaidi. Kifo cha dakika tatu kinaweza kuubeba mzigo wa filamu nzima, mradi walio hai waonekane wakiubeba. Hapa hakuna aliyeubeba. Profesa Xavier, mwanzilishi wa shule yao, anapouawa ndani ya nyumba aliyokulia Jean, anafanyiwa mazishi, Storm anatoa hotuba, wanafunzi wanalia. Scott anapewa jiwe la kaburi mwishoni, basi. Tena yule mmoja aliyeombolezwa ipasavyo, baada ya orodha ya majina kumalizika tunaisikia sauti yake ikitoka kwa mgonjwa aliyelala kitandani mbele ya daktari Moira MacTaggert. Yaani machozi pekee tuliyoruhusiwa kuyatoa, tulinyang'anywa kabla ya taa za ukumbi kuwashwa.

Sasa Jean mwenyewe. Hadithi ya Phoenix, ile nguvu kubwa inayomtawala Jean, iliyochapishwa mwaka 1980 katika majarida ya katuni, iliyoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na John Byrne, ilipata heshima yake kwa sababu moja kubwa: Jean anaimeza nyota, sayari iliyoizunguka inaangamia pamoja na wakazi wake, na mwishowe, akiwa mwezini, yeye mwenyewe anachagua kufa ili asirudie tena kosa hilo. Uamuzi ulikuwa wake, na ndiyo maana unauma. Katika filamu, mwanamke huyu mwenye nguvu kuliko wote anasimama nyuma ya Magneto, adui wa kikosi, kama mlinzi aliyeajiriwa. Mtazameni vizuri daraja la Golden Gate la San Francisco linapong'olewa na kupelekwa kisiwa cha Alcatraz, mtazameni vita vinapopamba moto: amevaa nguo nyekundu, ametulia, hasemi neno. Famke Janssen ni mwigizaji hodari, na katika kile chumba cha matibabu, akili zinapomrudia kwa muda naye akamsihi Logan amuue, mnaona mara moja kile angeweza kutupa. Kisha anafungiwa tena kwenye kimya hadi dakika za mwisho, ambapo Logan anamchoma kwa makucha na filamu inageuka kuwa habari ya huzuni ya Logan.

Sikatai kwamba wazo la dawa ya kuwaponya mutanti lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno, na ndilo linalonitia uchungu wa pili. Kuna tukio ambalo Beast anakwenda kumwona yule mtoto anayezima nguvu za mutanti walio karibu naye, na ambaye mwili wake ndio chanzo cha dawa. Anaunyosha mkono kumwelekea, manyoya ya buluu yanatoweka, na kwa sekunde chache anautazama mkono wa mtu wa kawaida, mkono ambao huenda hakutarajia kuuona tena. Kisha anaurudisha nyuma, na manyoya yanarudi. Hakuna mlipuko, na kwa maoni yangu hakuna tukio linaloufikia uzito wa hilo katika filamu nzima. Rogue, ambaye hawezi kumgusa mpenzi wake bila kumdhuru, alistahili saa nzima ya kulitafakari swali hilo. Amepewa vijitukio vichache, na hata mwisho wake ulirekodiwa kwa namna mbili: katika mmoja ameikubali dawa, katika mwingine ameikataa. Swali kubwa kuliko yote katika filamu, na hadi wanapiga picha walikuwa hawajakata shauri!

Hadithi ya Phoenix na hii ya dawa ni filamu mbili zilizobanwa ndani ya dakika 104. Bryan Singer aliyeongoza zile mbili za kwanza aliondoka kwenda kwa Superman, Matthew Vaughn akachukua nafasi yake naye akaondoka, na Brett Ratner akapokea kazi muda mfupi kabla ya upigaji picha kuanza Agosti 2005. Mei 2006 filamu ilikuwa tayari kwenye kumbi. Haraka hiyo inaonekana kwa macho: daraja linaanza safari kukiwa na mwanga wa jua, linatua Alcatraz na papo hapo ni usiku wa manane. Hilo ningelisamehe. Siwezi kusamehe haraka hiyohiyo ilipowafikia wahusika.

Wapo watakaonijibu kwa mapato. Ni kweli, iliingiza takriban dola milioni 460 duniani kote, zaidi ya kila moja ya zile mbili zilizotangulia, dhidi ya bajeti ya dola milioni 210. Lakini watu hao walijaza kumbi kwa sababu ya mapenzi yaliyojengwa na X2. Na kama kazi ilikuwa nzuri, mbona Days of Future Past ya 2014 iliona haja ya kubadilisha historia hadi Logan akaamka na kuwakuta Jean na Scott wako hai ndani ya shule? Mbona Simon Kinberg, mmoja wa waandishi wawili wa filamu hii, aliirudia hadithi ya Phoenix mwaka 2019, safari hii akiiandika na kuiongoza mwenyewe?

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoitetea ni hili. Msiniambie kuhusu daraja, wala kuhusu Magneto anayetikisa kipande cha sataranji mwishoni. Nitajieni tukio moja, na dakika yake, ambapo wenzake Scott wanaketi pamoja na kumzungumzia kama mtu waliyeishi naye. Nimeitazama filamu hii mara nne sasa, na bado sijaliona.