Naomba ushauri: mtu akizidiwa usiku huku porini Kaliua, gari la wagonjwa litamfikiaje?

Mrina Asali:
Wakuu salaam. Niko Kaliua, Tabora, lakini si mjini. Ni ndani sana, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki hadi kwenye reli, na kwa mvua hizi ni zaidi. Mtu akizidiwa usiku, ukapiga simu, watu wa ambulensi watajuaje ulipo? Huku hakuna mtaa, hakuna kibao, hakuna nyumba yenye namba. Je, ukipiga tu wanapaona? Naombeni majibu ya kueleweka, sina amani.

Ramani Mkononi:
Mkuu, mnara hauoni nyumba yako. Unajua tu kwamba simu yako imeushika, na porini mnara mmoja unaweza kufika mbali, hata kilomita 35. Uingereza tangu 2014 walianza mfumo ambao simu yenyewe, ukipiga namba ya dharura, inatuma mahali ilipo. Hapa kwetu usilitegemee hilo, jiandae kupataja mwenyewe.

Washa GPS. Haili bando, inasoma setilaiti. Simama pasipo na miti, subiri kidogo, kisha bonyeza na ushikilie kidole pale ramani inapokuonyesha. Zitatokea namba mbili: ya kwanza itaanza na -5, ya pili 31. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha, hapo makosa ni kama mita 11. Ile alama ya kutoa usiiache! Ukiiacha, ramani inakuvusha ikweta mpaka karibu na Juba, Sudan Kusini.

Bodaboda wa Usoke:
Namba nzuri, ila miaka tisa naendesha hakuna aliyewahi kunipa namba. Wanasema "ukifika kwenye mwembe uliopigwa radi kata kushoto". Kuna usiku nilifuata mzee aliyeumwa na nyoka, nimezunguka kuanzia saa mbili mpaka karibu saa sita, mwembe siuoni. Kumbe walishauchoma mkaa. Kilichoniokoa ni kijana aliyepanda juu ya bani la kukaushia tumbaku, akawa anazungusha tochi. Mzee yuko hai, kidole ndiyo kilikwenda. Kwa hiyo namba sawa, lakini weka na mtu mwenye tochi njia panda.

Nesi wa Zamu:
Kabla ya ramani. Mgonjwa ni nani?

Mrina Asali:
Ni kwa ujumla tu dada. Tahadhari.

Nesi wa Zamu:
Mtu hakosi amani kwa ujumla. Nani?

Mrina Asali:
Mke wangu. Mimba ina miezi minane na nusu. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, miaka miwili iliyopita.

Lakini yuko vizuri, anatembea, maji anateka mwenyewe. Mama yangu amezalisha wengi huku. Na tumbaku iko banini sasa hivi, moto ukilala usiku mmoja jani limeharibika, na deni la mbolea linanisubiri. Kuna dogo mwenye pikipiki nimeshaongea naye, mafuta ameweka. Gari niliuliza kama nyongeza.

Mzee Mgunda:
Kijana, tumbaku itapandwa tena mwakani. Sisi mwaka wa mvua kubwa tulimbeba dada yangu kwa kitanda cha kamba, wanaume sita tukipokezana, maji kifuani. Hakuna aliyeuliza shamba. Siku hizi mnahesabu marobota kwanza.

Tia Maji:
Hii chai. Barabara hakuna, kibao hakuna, ila mtandao wa kuanzisha uzi upo? Na anajiita Mrina Asali, tumbaku imetoka wapi? Wakuu tunzeni bando zenu.

Mrina Asali:
Si chai kaka. Hapa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya bani. Mtandao unashika hapa tu, jioni, nikigeukia upande wa reli. Nikishuka hatua tatu unakata. Simu nachaji kwa sola ya jirani. Mizinga ninayo kumi na minne, ila kinacholipa deni ni tumbaku.

Na kibao hatuna kwa sababu tuko ndani ya mpaka wa msitu. Anwani za makazi zilipowekwa 2022 huku hazikufika. Nikitoa namba za mahali, si nimewaita na watu wa msitu? Hilo ndilo sikutaka kuliandika.

Nesi wa Zamu:
Asante kwa kusema. Piga 115, ni bure, ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Anayepokea anauliza hali ya mama na mahali alipo, anatafuta ambulensi. Isipokuwepo karibu, anampigia dereva jamii, mtu wa kawaida mwenye gari aliyesajiliwa, na nauli yake inalipwa na mfumo, si wewe. Huyo anafuata mzazi, hapimi mipaka.

Ila sikiliza kaka yangu. Kovu likiachia kwenye uchungu, mfuko wa uzazi unachanika, na hapo tunahesabu dakika. Kwa umbali wenu gari limeshachelewa hata kama linajua mlipo. Mtoe wiki hii, akae karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Uliza kama wana nyumba ya kusubiria wajawazito. Moto wa bani mama yako anaweza kuulinda. Kovu hawezi.

Tia Maji:
Kama ni kweli, nisamehe. Ila kwa nini asiondoke kesho?

Mrina Asali:
Mama amekubali kukesha na moto. Dogo anapita alfajiri. Mke ndiye hajakubali, anasema mkubwa ataachwa na nani.

Bodaboda wa Usoke:
Mkubwa aje naye. Tafuteni pikipiki ya pili, msipakizane wote kwenye moja, na mwendo uwe wa taratibu kwenye mashimo.

Ramani Mkononi:
Na kabla hamjaondoka chukua zile namba. Uchungu unaweza kumuanza usiku wa leo.

Mrina Asali:
Nimeshaziandika nyuma ya kadi ya kliniki, zote mbili, na 115 juu yake. Alama ya kutoa nimeiweka. Nashuka kichuguuni nikaongee naye tena.